Si kila gari linalotetemeka lina ugonjwa wa tairi

Mhariri,

Wiki iliyopita mlichapisha ushauri kwa wenye magari. Mwandishi wenu alimjibu msomaji ambaye gari lake hutetemeka likishika kasi: akafanye balansi ya tairi, na mtetemo ukiendelea anunue tairi mpya. Mistari miwili, habari imekwisha. Niliisoma mara tatu nikitafuta swali ambalo mwandishi hakuuliza: gari hilo linavutwa na magurudumu ya mbele, au linasukumwa na ya nyuma?

Nauliza kwa sababu ushauri wa namna hiyo ulinizungusha miezi mitano.

Mimi si fundi. Ni dereva wa pikapu, huu mwaka wa 19, na mzigo wangu ni vioo vya madirisha. Anayebeba mchanga hana habari na mtetemo. Anayebeba vioo huuhisi ukiwa bado mchanga. Vioo vyangu husimama wima kwenye fremu ya mbao yenye vipande vya zulia, na gari likianza kutikisika huanza kusemezana, sauti nyembamba kama ya kijiko kwenye bilauri. Nikiisikia sauti ile huwa sina haja ya kutazama saa ya mwendo.

Matatizo yalianza wiki niliyofanya mambo mawili kwa mpigo, na hilo ni kosa langu, silitupii mtu. Jumatatu nilibadilisha klachi. Alhamisi nikafunga tairi nne mpya. Ijumaa nikatoka na mzigo, na nilipofika mwendo wa 75 vioo vikaanza mazungumzo yao. Kwenye 90 mvumo ukajaa ndani ya gari, kama mtu anayeimba amefumba mdomo, na kiti kikawa kinawasha mapaja. Hata kidroo cha majivu ya sigara, ambacho hakijaona sigara tangu nilinunue gari, kikawa kinalia kricha-kricha. Nikipita 105 hali inatulia. Usukani, na hili nilikuja kulitia maanani baadaye sana, ulikuwa umetulia mkononi muda wote.

Kulikuwa na mtetemo wa pili pia. Nikiondoka na mzigo, kwa gia ya kwanza na ya pili, kati ya mwendo wa 15 na 30, gari lilijikung'uta kama punda aliyetoka kugaagaa vumbini, kisha likaacha. Likiwa tupu halikufanya hivyo.

Nani wa kulaumiwa? Tairi, bila shaka. Ndizo zilikuwa mpya na ndizo zinaonekana. Klachi imefichika, nani anaikumbuka? Nikarudi kwa mtu wa tairi, akabalansi. Nikarudi tena, akabalansi tena. Mara ya tatu akanitazama kwa huruma: "Mama, hizi rimu zimechoka." Rimu zilezile zilizonibeba miaka kumi bila neno, zichoke zote nne kwa siku moja! Lakini ukienda kwa kinyozi usitegemee kung'olewa jino. Mwenye mashine ya balansi atakupa balansi.

Fundi wa pili akabadilisha krosi, yaani viungo vya propela, zote tatu. Propela ni ule mhimili mrefu wa chuma chini ya gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, unaopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi nyuma. Haki yake nimpe: moja ilikuwa imekufa kweli. Alipotoa kikombe chake, vile visindano vya ndani vilikuwa vikavu, vimezama kwenye unga mwekundu wa kutu. Kilio cha kidege nilichokuwa nikikisikia nikitembea polepole, kwi-kwi-kwi, kikaisha siku ileile. Mtetemo wa 90 haukuguswa. Fundi wa tatu akabadilisha senta beringi, ile inayoshika propela katikati ya gari, kisha akatangaza kwamba giaboksi ishushwe upya, klachi imefungwa vibaya.

Siku hiyo nilikataa. Nikarudi nyumbani na daftari la shule la kurasa 48.

Ninachotaka wasomaji wenu wakisikie kiko kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari hilo. Kabla hujanunua hata bolti, liulize gari lenyewe: mtetemo huu unafuata kitu gani? Unafuata mwendo wa gari barabarani? Unafuata mizunguko ya injini? Au unafuata mguu wangu, yaani nguvu ninayokanyagia mafuta? Gari litajibu, na jibu lake linafuta nusu ya vipuri kwenye orodha ya fundi.

Mwanangu alikaa pembeni na kalamu, mimi nikashika usukani, gari tupu, barabara ndefu iliyonyooka na isiyo na watu. Tukaenda 90 kwa gia ya nne. "Mama, mshale wa injini uko 2,900," akasema, akaandika, na pembeni akaandika "inatetemeka". Nikaingiza gia ya tano, mwendo uleule wa 90. Mshale ukashuka kwenye 2,500. Inatetemeka, vilevile. Nikaweka nyutro, mguu nje ya mafuta, gari likateleza lenyewe. Mshale ukaanguka chini ya 1,000. Inatetemeka, vilevile. Tukasimama kando ya barabara, nikapandisha injini hadi 2,900 gari likiwa limesimama. Kimya. Maji kwenye chupa hayakucheza.

Nisimamishe hadithi hapo kidogo, maana kuna watakaojaribu. Kwenye nyutro usizime injini. Ukizima, breki huwa nzito baada ya kuikanyaga mara moja mbili, na ukitoa ufunguo usukani unaweza kujifunga. Injini iendelee kuunguruma, wewe ondoa gia tu.

Mwaona basi kilichotokea. Mizunguko ya injini ilibadilika kutoka 2,900 hadi chini ya 1,000, na mtetemo haukujali. Ulijali mwendo wa gari peke yake. Kwa hiyo injini, mauntini zake (mipira inayoishikilia), flaiwili (lile gurudumu zito nyuma yake) na ile klachi niliyotaka kushushiwa tena vilikuwa vimeachiwa huru kwa dakika ishirini za kuendesha. Mshtakiwa alikuwa nyuma ya giaboksi: propela, difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma, linalogawia magurudumu mzunguko), ekseli, magurudumu.

Lakini tairi na propela zote hufuata mwendo wa gari. Utazitenganishaje?

Zinatenganishwa na kasi. Nilichora mstari wa chaki kwenye tairi ya nyuma na mwingine chini sakafuni, nikasukuma gari hadi mstari ukarudi chini. Mita 2.1 kwa mzunguko mmoja. Mwendo wa 90 ni mita 25 kwa sekunde, kwa hiyo tairi huzunguka karibu mara 12 kila sekunde. Propela ni habari nyingine. Difu yangu huizungusha propela mara nne na kitu kwa kila mzunguko mmoja wa magurudumu, kwa hiyo kwenye 90 propela inakwenda karibu mara 49 kwa sekunde. Asiyependa hesabu aitumie njia ya mwanangu: kwenye magari mengi ya aina hii gia ya nne ni ya moja kwa moja, propela inazunguka sawa na injini. Mshale ukisoma 2,900 kwa dakika, gawanya kwa 60. Unapata 48 na ushei. Hesabu mbili zilizopita njia tofauti zikakutana, nikajua sijakosea sana.

Na hapa mwili wako ndio kipimo. Sikio la binadamu halishiki sauti iliyo chini ya mitetemo 20 hivi kwa sekunde. Tairi mbovu inayopiga mara 12 huisikii, unaihisi: usukani unayumba, kiti kinadundadunda, unaweza karibu kuhesabu mapigo. Mara 49 ni sauti kamili, nzito, ya kuvuma. Mimi nilikuwa na mvumo. Miezi mitatu nilikuwa nikimweleza kila fundi "linavuma", na kila fundi alisikia "linadunda".

Nilihamisha tairi za mbele nyuma na za nyuma mbele ili nisije nikamhukumu mtu bila ushahidi. Tatizo lingekuwa la tairi, lingehama nazo, lingetoka kwenye kiti na kuja kwenye usukani. Halikuhama.

Fundi wa nne ni mzee mmoja ambaye wenzake humcheka kwa sababu huanza kazi kwa kukaa chini na kuuliza maswali. Nilimpa daftari. Alilisoma lote, miwani puani, akarudia ukurasa wa pili, kisha akasema, "Mama, umenifanyia nusu ya kazi." Sikumwambia jinsi nilivyofurahi.

Aliinua nyuma ya gari, lakini stendi aliziweka chini ya ekseli, si chini ya chasisi. Nilimuuliza kwa nini, maana wengine nimewaona wakiweka popote pale panaposhika. Akasema ekseli ikining'inia, propela inapinda kwa pembe isiyoijua barabarani, na utapata mtetemo mpya uliouumba mwenyewe. Magurudumu ya mbele akayawekea kabari. Akatoa magurudumu ya nyuma, akarudisha nati kushikilia ngoma za breki, akamweka kijana wake kwenye usukani na kumwambia asivuke 80 kwa vyovyote. Sababu yake ni difu: upande mmoja ukigoma kuzunguka, wa pili huenda mara mbili ya kile saa inachoonyesha, na hakuna tairi wala ngoma inayopaswa kwenda kasi hiyo juu ya stendi. Sisi tukasimama pembeni, mbali na mstari wa propela.

Kwenye 75 mvumo ukaja. Hakukuwa na tairi hata moja nyuma ya gari.

Natamani mtu wa balansi angekuwapo.

Injini ilipozimwa na kila kitu kuwa kimya, mzee akaingia chini na tochi. Propela inapokutana na difu kuna sahani mbili za chuma zinazotazamana, mafundi huziita flanji, zimeshikana kwa bolti nne. Akazifuta matope kwa kitambaa. Kwenye sahani ya difu kulikuwa na doa la zamani la rangi ya njano. Akazungusha propela kwa mkono taratibu hadi akalipata doa la pili, kwenye sahani ya propela. Yalikuwa pande mbili tofauti kabisa, moja juu, lingine chini. Bolti ni nne na sahani inakubali kukaa kwa namna nne. Aliyeshusha giaboksi kwa ajili ya klachi alitoa propela bila kuweka alama, akairudisha ilivyomjia mkononi. Propela na flanji yake vilikuwa vimezoeana kwa namna moja. Kila kimoja kina uzito kidogo upande fulani, na walipowekwa mara ya kwanza walifutiana. Sasa walikuwa wanasaidiana.

Kabla ya kufungua alipima kama propela imepinda. Alikaza kipande cha chaki juu ya stendi karibu sana na bomba la propela, akaizungusha kwa mkono. Bomba lililopinda hugusa chaki upande mmoja tu. Letu liliguswa pande zote sawasawa. Kisha akaizungusha flanji nusu duara, akakaza.

Ule mvumo uliokuwa kumi ukawa mbili au tatu. Kwa salio hilo alitumia ujanja ambao sikuwahi kuuona: klipu mbili za chuma, zile za kubania mpira wa rejeta. Akazifunga kwenye propela karibu na difu, vichwa vyake pamoja, akajaribisha. Mvumo ukazidi. Akazungusha vichwa robo duara, akajaribisha. Ukapungua. Robo tena, ukarudi. Alipopata mahali pazuri akaanza kuvitenganisha vichwa, kimoja kushoto, kimoja kulia, kidogo kidogo, maana vikitengana uzito unapungua. Alichukua saa nzima hivi. Nikauliza kama mashine isingekuwa bora. "Bora zaidi," akasema, bila kuona haya, "lakini ipo mbali, na wewe una vioo kesho."

Mtetemo wa kuondokea ulikuwa bado. Na huu, kwa mujibu wa daftari, ulifuata mguu wangu: mzigo mzito na mafuta mengi, unakuja, mguu mwepesi, hauji. Mzee alisema mtetemo wa namna hiyo kwa kawaida ni habari ya pembe.

Nitajaribu kueleza alivyonieleza. Krosi ni chuma chenye umbo la msalaba kinachoruhusu propela kujipinda huku ikizunguka. Wazo ni la zamani. Wazungu wengine huita propela nzima kwa jina la Gerolamo Cardano, Mwitalia wa miaka ya 1500, na wengine huita krosi kwa jina la Robert Hooke, Mwingereza wa karne iliyofuata. Ila ina tabia moja. Ikizunguka huku imepinda, upande wa pili hauzunguki kwa mwendo sawa: katika kila duara huharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Ikipinda digrii 10, kasi hupanda na kushuka kwa asilimia moja na nusu. Ikipinda digrii 3, ni kidogo mno, hakuna anayehisi. Dawa yake ni krosi ya pili iliyopinda kwa kiasi kilekile, uma zake, vile vidole viwili vya chuma vinavyoishika, zikiwa zimelala sambamba na za kwanza. Ya kwanza ikiharakisha, ya pili inachelewesha, na difu inapokea mzunguko laini. Pembe zikitofautiana kwa zaidi ya digrii moja hivi, hesabu haifutiki. Na usifikiri kunyoosha kabisa ndiyo suluhisho: krosi isiyopinda hata nusu digrii, visindano vyake havisogei, vinachimba palepale hadi vitoboe mashimo.

Kwangu propela ni ya vipande viwili. Sababu ni urefu. Bomba refu likizunguka kwa kasi huanza kuchezacheza katikati kama kamba ya kuruka, na ukilikata nusu, kasi ya kufikia hali hiyo hupanda mara nne. Ndiyo maana kuna senta beringi. Lakini sasa kuna pembe tatu za kupatana badala ya mbili, na ya katikati inategemea senta beringi imening'inia juu au chini kiasi gani. Ongeza mzigo, springi zinalala. Kanyaga mafuta, pua ya difu inanyanyuka. Kama pembe zilikuwa kwenye ukingo tangu mwanzo, hapo zinavuka.

Mzee alikuwa bado chini anapoeleza hayo, tochi ikimulika pale senta beringi ilipofungwa kwenye fremu. Akanyamaza. Kisha akaniita niangalie. Kwenye chuma cha fremu, kuzunguka kila tundu la bolti, kulikuwa na duara safi lisilo na kutu wala matope, saizi ya sarafu. Maduara mawili.

"Hapa palikuwa na washa nene," akasema, yaani vile visahani vya chuma vyenye tundu la kupitisha bolti. "Mbili. Ndizo zilikuwa zikiteremsha hii beringi. Ziko wapi?"

Mhariri, nilijua ziko wapi. Nilikwenda mbele ya gari nikavuta kidroo cha majivu ya sigara. Ndani mlikuwa na washa mbili, nene kama milimita sita kila moja. Fundi wa klachi alipomaliza kazi alikuwa amebaki nazo mkononi, akaona hazina kazi, na kwa heshima akaniwekea ndani ya gari badala ya kuzitupa. Namshukuru kwa heshima hiyo. Miezi mitano kila nikifika 90 zilikuwa zinalia kricha-kricha humo ndani, nami ninazipiga konde zinyamaze.

Aliyebadilisha senta beringi miezi mitatu baadaye angeweza kuyaona maduara yale. Alifunga beringi mpya mahali pabaya palepale ilipokuwa ya zamani, akalipwa.

Mzee akazirudisha washa. Akaangalia pia mauntini ya giaboksi, kwa sababu mpira wake ukilala mkia wa giaboksi hushuka na pembe ya mbele inaharibika. Mpira ulikuwa mzima. Nikapakia vioo jioni ileile, ingawa safari ilikuwa kesho, ili nijaribu kuondoka na mzigo. Gari liliondoka kama lilivyokuwa likiondoka zamani, mpaka mwanangu akauliza kama tumeshaanza.

Sasa nisije nikaonekana natetea tairi. Tairi hukosa, na hukosa sana. Gramu 30 zilizopungua kwenye ukingo wa rimu, gari likiwa 100, zinavuta kwa nguvu ya kilo nne na nusu hivi, zikizunguka na gurudumu mara 13 kwa sekunde. Ukihisi usukani unayumba mkononi, anza na magurudumu ya mbele, na kabla hujamtafuta mwenye mashine tazama ndani ya rimu; tope lililokauka upande wa ndani limewalipisha watu wengi balansi isiyohitajika. Gari lililosimama wiki kadhaa likidunda kilomita chache za mwanzo kisha likaacha, tairi zimelala upande mmoja, zikipata joto zinarudi. Ukitetemeka pale tu unapokanyaga breki, tafuta diski au ngoma, usiguse propela ya watu. Rimu za kununua pembeni ambazo tundu lake la kati ni pana kuliko kiuno cha haba, kile kitovu cha chuma kinachofungwa gurudumu, zinahitaji pete ya kujazia, vinginevyo hata balansi ya mashine haitasaidia, kwa sababu kwenye mashine gurudumu lilikaa katikati na kwenye gari halikai. Yote hayo ni kweli. Mwandishi wenu hakukosea kutaja tairi. Alikosea kuanza na kuishia hapo.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mkimjibu tena mtu kama yule, mwombeni kwanza awaandikie mambo manne: mtetemo unaanza na kuisha kwenye mwendo gani, ukibadili gia kwa mwendo uleule unabaki au unaondoka, anauhisi mkononi, kitini au masikioni, na mara ya mwisho nani alifungua nini chini ya gari. Hilo la nne watu hulisahau, na kwangu lilikuwa ndilo jibu. Mtetemo ulioanza wiki ya matengenezo hauna haja ya kutafutwa mbali.

Na kwa mafundi wanaosoma gazeti hili, chupa moja ya rangi nyeupe na brashi ndogo. Mstari mmoja kwenye flanji kabla ya kufungua, mstari mmoja pale meno ya vipande viwili vya propela yanapochomekana, kwa sababu hapo nako ukikosea hata jino moja uma hazilali tena sambamba. Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Na washa ikibaki mkononi baada ya kazi, usiniwekee kwenye gari. Rudi chini ukaitafutie mahali pake.

Nimebaki na kitu kimoja. Kwenye 110, gari likiwa tupu, bado kuna mvumo mwembamba, mzee anaamini ni zile klipu mbili, na anataka nipeleke propela kwenye mashine ya balansi nikipata nafasi. Nikiwa na vioo sifiki 110, kwa hiyo nafasi hiyo sijaipata.

Wenu,
Mama wa Vioo